Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi: Ustaafu, Sanaa na Afya ya Mzee

Katika kata ya Izia, mjini Sumbawanga, kama ilivyo katika kata nyingi za miji ya Tanzania, wamo watu ambao hadi miaka michache iliyopita jina la kazi lilitangulia jina lao. Huyu alikuwa Mwalimu, yule Sista wa wodi, mwingine Bwana Shamba, mwingine Karani. Utaratibu wa utumishi wa umma unamruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na unamtaka astaafu kwa lazima atimizapo miaka 60. Barua ya kustaafu hutaja tarehe, hueleza mafao, hutoa shukrani. Jambo moja tu barua hiyo hailitaji: mtu huyu, kuanzia kesho asubuhi, atakuwa nani?

Swali hilo huonekana kuwa la mwanafalsafa au la mchungaji wa kanisa, si la daktari. Lakini wahudumu wa kliniki za shinikizo la damu na kisukari wanalifahamu vizuri, ingawa huwafikia likiwa limevaa nguo nyingine. Humjia kwa sura ya mzee asiyepata usingizi, ambaye mgongo unamuuma bila sababu iliyo wazi, moyo unamwenda mbio usiku, chakula hakina ladha, na ambaye shinikizo la damu lake lililokuwa limetulia kwa miaka mitano sasa halishikiki. Vipimo hurudiwa. Dawa huongezwa. Mara chache sana huulizwa kwamba tangu aache kazi anaamka kwa ajili ya nini.

Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo ni sehemu ya tiba, na kwamba lina namna bora ya kuulizwa. Si kumwambia mzee atafute jambo jipya la kupoteza wakati. Ni kumwuliza: kabla maisha hayajakupeleka ulikokwenda, uliacha nini? Maisha ya wanawake wawili, mmoja wa Marekani na mwingine wa Kenya, yanatoa mwanga mkubwa juu ya swali hili.

Mwigizaji aliyerudi kwenye rangi

Marilyn Pauline Novak alizaliwa Chicago tarehe 13 Februari 1933. Dunia ilimfahamu kwa jina la Kim Novak. Katika miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa waigizaji wa filamu waliovuta watazamaji wengi kuliko wote nchini Marekani. Filamu inayokumbukwa zaidi ni Vertigo, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock na kutolewa mwaka 1958. Humo anaigiza mwanamke ambaye mwanamume anamgeuza awe mtu mwingine: anamchagulia nguo, anambadilisha rangi ya nywele, anamtengeneza hadi afanane na sura aliyo nayo kichwani. Hayo ya filamu hayakuwa mbali na maisha yake ya kazi. Wakuu wa studio walitaka hata jina lake la ukoo liondolewe, na ilimbidi apigane kulibakiza.

Katikati ya miaka ya 1960, akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu, aliondoka Hollywood. Alionekana katika filamu mara chache baada ya hapo, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1991, lakini makao yake yalikuwa mashambani: kwanza katika pwani ya California, kisha jimboni Oregon, akiishi na mumewe ambaye alikuwa daktari wa mifugo, akifuga wanyama na kuchora. Kazi zake za rangi zimeonyeshwa katika majumba ya sanaa, na mwaka 2025, akiwa na miaka 92, tamasha la filamu la Venice lilimtunuku Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote.

Wengi humsimulia kama mwigizaji aliyeacha filamu akapata burudani ya uzeeni. Masimulizi hayo yanakosa jambo la msingi. Novak alikuwa mwanafunzi wa sanaa kabla ya kuwa mwigizaji. Kabla kamera haijamwona, alikuwa amepata ufadhili wa kusoma katika shule ya Taasisi ya Sanaa ya Chicago. Filamu ndiyo iliyokuja njiani. Brashi ndiyo iliyotangulia. Kwa hiyo, alipoondoka Hollywood hakuwa anaanza safari mpya. Alikuwa anarudi nyumbani.

Lipo na jambo la pili, ambalo msomaji wa jarida la afya hapaswi kulipita. Mwaka 2012 Novak alieleza hadharani kwamba anaishi na baipola, ugonjwa wa akili ambao mgonjwa hupitia vipindi vya huzuni nzito na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi, na kwamba ulitambuliwa akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, miaka mingi baada ya kuacha filamu. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyetazamwa na mamilioni ya watu hakuonekana. Kila mtu aliuona uso. Ugonjwa haukuonwa na yeyote. Hapo pana funzo kwa mhudumu yeyote wa afya anayeamini kwamba mtu maarufu, mwenye heshima au mwenye sura ya furaha hana sababu ya kuulizwa habari za moyo wake.

Tena mwaka 2014, akiwa na miaka 81, alijitokeza katika sherehe za tuzo za Oscar, na watu wengi wakaudhihaki uso wake kwa kuwa haukuwa tena ule wa mwaka 1958. Alijibu kwa barua ya wazi akikemea uonevu wa namna hiyo. Mtu ambaye thamani yake yote imefungwa katika uso hana pa kukimbilia siku uso unapobadilika. Mwenye kitu kingine cha kusimamia anaumia pia, lakini haanguki.

Mwalimu wa Kenya na karatasi za sabuni

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Marekani, ambako mtu anaweza kuacha kazi na kuishi mashambani kwa fedha za filamu. Basi na atazame karibu zaidi.

Rosemary Karuga alizaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928. Kati ya mwaka 1950 na 1952 alisoma sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda, akiwa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya chuo hicho. Baada ya masomo alirudi Kenya akawa mwalimu. Ndoa, watoto, shamba na darasa vilimchukua kwa zaidi ya miaka thelathini. Sanaa aliyoisomea ikawekwa kando, kama inavyowekwa kando mikononi mwa wanawake wengi wenye vipaji.

Alipostaafu ualimu, aliichukua tena. Mwaka 1987 alikuwa msanii mkaazi katika kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi. Rangi na turubai vilikuwa ghali, naye hakungoja apate fedha. Alichukua karatasi za kufungia sabuni na mifuko ya unga, akazikata vipande vidogovidogo, akavibandika kimoja baada ya kingine hadi vikawa picha za wanyama, za wanawake wakiwa kazini, za maisha ya kijijini. Kazi hizo za karatasi za dukani zilifika New York, katika maonyesho ya jumba la sanaa la Studio Museum la Harlem mwaka 1990. Aliendelea na sanaa hadi uzeeni sana, akafariki mwaka 2021 akiwa amepita umri wa miaka 90.

Wanawake hawa wawili hawakufanana kwa mali, kwa nchi wala kwa umaarufu. Wanafanana kwa jambo moja: kila mmoja alirudi kwenye kitu alichokipenda ujanani, ambacho maisha yalimlazimisha kukiweka chini. Na kila mmoja alikirudia bila kuagizwa na bosi wala kupimwa na mkaguzi.

Tiba inajua nini juu ya jambo hili

Wazo la kwamba kazi ya sanaa humsaidia mgonjwa si geni katika hospitali. Mwaka 1938 mchoraji wa Uingereza, Adrian Hill, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Enzi hizo hakukuwa na dawa ya kifua kikuu. Mgonjwa alilala kitandani kwa miezi akingoja. Hill alianza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, akaona kwamba hali ya moyo wake inabadilika, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake. Ndiye aliyeanza, mwaka 1942, kutumia jina la tiba kwa sanaa.

Tangu hapo utafiti umeongezeka. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia machapisho zaidi ya 900 kuhusu sanaa na afya, ikahitimisha kwamba sanaa ina nafasi katika kukinga maradhi, kukuza afya na kusaidia matibabu. Mwaka huohuo jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliowafuata watu 6,710 wa Uingereza wenye umri wa miaka 50 na zaidi kwa miaka 14. Wale waliohudhuria majumba ya sanaa, maonyesho au matamasha ya muziki kila baada ya miezi michache au mara nyingi zaidi walikuwa na hatari ya kufa iliyo ndogo kwa asilimia 31 kuliko wasiohudhuria kabisa. Nchini Marekani, utafiti mwingine wa mwaka 2019 uliohusu karibu watu 7,000 wenye zaidi ya miaka 50 ulionyesha kwamba wenye kuona maisha yao yana lengo walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliokosa lengo.

Utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Drexel, uliochapishwa mwaka 2016, unastahili kutajwa kwa sababu ya jambo moja. Watu wazima 39 walipewa dakika 45 za kufanya kazi ya sanaa kwa vifaa vya kawaida, udongo wa kufinyanga ukiwamo. Kiwango cha kotiso, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, kilishuka kwa takribani asilimia 75 ya washiriki. Na wale ambao hawakuwa na uzoefu wowote wa sanaa hawakuachwa nyuma na wenye uzoefu. Faida haikuhitaji kipaji.

Uaminifu wa kitaalamu unadai kwamba udhaifu wa ushahidi huu nao uelezwe. Utafiti wa kufuatilia watu kwa miaka hauthibitishi kwamba sanaa ndiyo iliyorefusha maisha. Mwenye nguvu za kutembea, nauli mfukoni na marafiki wa kumwita ndiye huenda kwenye maonyesho; nguvu hizo, nauli hiyo na marafiki hao vinaweza kuwa ndivyo vilivyomlinda. Watafiti walijitahidi kuondoa tofauti hizo kwa hesabu, lakini hesabu haiondoi zote. Watu 39 nao ni wachache. Kwa hiyo daktari anayemwambia mgonjwa kwamba kuchora kutamponya shinikizo la damu anamdanganya. Anayemwambia kwamba kazi ya mikono aipendayo inaweza kumsaidia kulala, kutulia, kukutana na watu na kukumbuka dawa zake kwa kuwa ana sababu ya kuamka, huyo anasema jambo la busara lisilo na gharama kubwa wala madhara mengi.

Ufipa na ghala lake la ufundi

Uwanda wa Ufipa hauhitaji kufundishwa thamani ya mikono. Wahunzi wa Kifipa walijenga malungu, tanuri ndefu za udongo zilizomzidi mtu kimo, wakayeyusha ndani yake mawe ya chuma na kutengeneza majembe yaliyolima uwanda huu. Majembe ya kigeni yalipoletwa wakati wa ukoloni, moto wa malungu ulizimika. Mabaki ya tanuri hizo bado yanaonekana sehemu mbalimbali za uwanda. Ufinyanzi wa vyungu, ususi wa mikeka na vikapu, uchongaji wa mipini na vinu, ushonaji, uimbaji wa kwaya: ufundi huu wote umo mikononi mwa wazee ambao leo wanangoja zamu kwenye benchi la kliniki wakiwa wameshika kadi.

Pingamizi moja husikika haraka. Mstaafu wa Sumbawanga, husemwa, hana nafasi ya sanaa. Ana mahindi, maharage na ulezi wa kulima, ana wajukuu wa kusomesha, na mafao yenyewe hayatoshi. Pingamizi hili lina ukweli, na halipaswi kujibiwa kwa wepesi. Kilimo ni kazi ya mikono, kinachosha mwili kwa namna njema, na kwa wengi ndicho hasa walichokiacha ujanani na wanachotamani kukirudia. Huyo ameshapata jibu lake. Lakini wapo ambao mwili hauwezi tena jembe: mwenye magoti yaliyochakaa, aliyepooza upande mmoja, mwenye moyo uliochoka. Mtu huyu jamii humwambia apumzike. Hupewa kiti, blanketi na redio. Kwa nia njema kabisa, huondolewa kila kitu ambacho kingemfanya ajione bado ni mtu miongoni mwa watu.

Kwa mzee wa namna hii wahenga walikwisha kusema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Anna Mary Robertson Moses, mkulima wa jimbo la New York, alikuwa akitarizi nguo hadi ugonjwa wa viungo ulipomfanya ashindwe kushika sindano. Akashika brashi, ambayo haikumwumiza vidole. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini na mitano. Alifariki mwaka 1961 akiwa na miaka 101, akiwa amechora picha nyingi mno. Mchoraji wa Ufaransa, Henri Matisse, alifanyiwa upasuaji mkubwa kwa sababu ya saratani mwaka 1941. Hakuweza tena kusimama mbele ya turubai kwa muda mrefu. Akiwa kitandani na kwenye kiti cha magurudumu alikata kwa mkasi karatasi zilizopakwa rangi, na kazi hizo za mkasi zimehesabiwa miongoni mwa bora alizowahi kufanya. Koleo moja lilivunjika. Mhunzi akatafuta jingine.

Hatari za kutazamwa kwa makini

Sifa za sanaa zisifunike macho ya tabibu. Hatari ya kwanza ni kuchanganya huzuni ya kustaafu na ugonjwa wa sonona. Huzuni ya kuachana na kazi ni ya kawaida, na huja na kupita. Sonona ni ugonjwa. Mzee ambaye kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, amekosa hamu ya mambo aliyoyapenda, au amejaa huzuni na kukata tamaa, akiwa pia na mabadiliko ya usingizi, hamu ya chakula, nguvu au umakini, anahitaji kupimwa na mtaalamu na pengine kupewa dawa na ushauri. Kumwambia mtu huyu akachore ni sawa na kumpa mgonjwa wa homa ya mapafu leso ya kupangusia pua. Maneno ya kutamani kufa au ya kujiona mzigo kwa familia ni dharura. Mgonjwa wa namna hiyo haachwi peke yake, wala harudishwi nyumbani bila kuonwa.

Hatari ya pili ni kinyume chake. Hulka ya wazee wengi ni kuusemea moyo kwa lugha ya mwili, na hulka ya majirani ni kutafuta aliyemroga. Watu wengi hulieleza jina la Sumbawanga kuwa lina maana ya kutupa uchawi. Kama mji unaweza kubeba mwito huo katika jina lake, wahudumu wake wa afya wanaweza kuubeba katika kazi yao: mzee anayenyamaza, anayekaa gizani na asiyekula hakurogwa, na wala si kwamba amezeeka tu. Mwacheni atibiwe.

Hatari ya tatu ni ya wale walio na magonjwa ya akili ya muda mrefu. Habari za Novak hupendeza, na baadhi ya wagonjwa hudhani kwamba kipaji na ugonjwa ni kitu kimoja, hivyo dawa itaua kipaji. Wapo wanaoacha dawa kwa sababu hiyo. Brashi haiponyi baipola, na dawa haizuii mkono kuchora. Anayehisi kwamba dawa imemzubaisha azungumze na daktari wake juu ya kipimo au aina ya dawa; asiiache mwenyewe.

Hatari nyingine ni za vifaa na mwili. Mgonjwa wa kisukari ambaye ganzi imeingia vidoleni hatahisi mkato wa kisu wala joto la chungu kinachotoka motoni. Akague mikono na miguu yake kila siku, na avae viatu. Mwenye pumu au mapafu yaliyoharibika akae mbali na moshi wa kuchomea vyungu na vumbi la udongo mkavu; udongo ufinyangwe ukiwa na unyevu, na sehemu ya kazi ifutwe kwa kitambaa kilicholowa badala ya kufagiliwa. Rangi za mafuta na viyeyushi vyake vitumike mahali penye hewa, na kamwe visitiwe katika chupa za soda au maji ambazo mtoto anaweza kuzinywea.

Kliniki inaweza kufanya nini

Mambo yanayopendekezwa hapa hayahitaji jengo jipya wala bajeti ya mfadhili.

La kwanza ni swali lenyewe. Mgonjwa mwenye miaka 55 na zaidi anapofika kliniki, pamoja na kupimwa uzito na shinikizo la damu, aulizwe maneno machache: Babu, au Bibi, au Mwalimu, kabla ya kazi uliyostaafia ulipenda kufanya nini kwa mikono yako? Je, bado unakifanya? Kama hukifanyi, ni nini kinachokuzuia? Jibu liandikwe kwenye kadi. Katika ziara inayofuata liulizwe tena, kwa sababu mgonjwa anayekumbukwa hurudi.

La pili ni macho. Mara nyingi kinachomzuia mzee si uvivu wala huzuni. Haoni tundu la sindano. Baada ya miaka 40 jicho la kila binadamu hupungukiwa uwezo wa kuona vitu vya karibu, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa wachumaji wa chai 751 wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, ulionyesha kwamba waliopewa miwani ya aina hiyo waliongeza uchumaji kuliko wenzao wasiopewa kwa takribani asilimia 22. Mzee ambaye rangi zinamfifia au anaona ukungu apelekwe kupimwa mtoto wa jicho. Mchoraji Claude Monet aliona rangi zikimgeukia kwa sababu ya mtoto wa jicho hadi alipofanyiwa upasuaji mwaka 1923. Leo upasuaji huo ni salama zaidi mara nyingi kuliko ulivyokuwa zama zake.

La tatu ni mikono. Kwa aliyepata kiharusi, mazoezi ya mkono ni sehemu ya matibabu, lakini kukunja na kukunjua vidole mara hamsini kwa siku kunachosha roho. Kufinyanga, kusuka ukili, kukata karatasi na kubandika ni mazoezi yaleyale yenye matunda ya kuonekana. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aulize mgonjwa alikuwa fundi wa nini, kisha ajenge mazoezi juu ya ufundi huo.

La nne ni muda wa kusubiri. Siku ya kliniki wagonjwa hukaa saa nyingi kwenye benchi. Meza moja, mikasi michache isiyo na ncha kali, karatasi za maboksi ya dawa zilizokwisha kutumika, ukili na gundi vingetosha kuugeuza muda huo. Anayejua kusuka amfundishe asiyejua. Kikundi cha wagonjwa kinachokutana kwa sababu ya mikono hukumbushana pia dawa na tarehe za kurudi.

La tano ni familia. Watoto wanaowapenda wazazi wao wafikiri kabla ya kumkataza mama kufinyanga kwa sababu ya aibu ya majirani, au baba kuchonga kwa kuwa atachafua ua. Kumpumzisha mzee kupita kiasi ni kumzeesha haraka. Atengewe pembe yake yenye mwanga na kiti kinachomfaa, na kazi yake isichekwe. Vilevile isigeuzwe mradi wa fedha bila ridhaa yake. Akitaka kuuza ni vyema, lakini siku atakapopangiwa idadi ya mikeka ya wiki, atakuwa amerudi kazini.

Hayo yanamhusu pia mhudumu wa afya mwenyewe. Muuguzi aliyezoea kuitwa usiku na mchana, daktari aliyezoea foleni mlangoni pake, mganga wa zahanati aliyekuwa jibu la kijiji kizima: hawa ni miongoni mwa watu ambao ustaafu huwapiga kwa nguvu zaidi, kwa kuwa vazi la kazi lilikwisha kuwa ngozi yao. Ni wataalamu wa kuwauliza wengine, na wagumu wa kujiuliza. Ingefaa mtumishi wa afya ajiulize akiwa na miaka 45, si akiwa na miaka 60, ni kitu gani alikiweka chini siku alipovaa koti jeupe, na kama bado kinaweza kuokotwa jioni moja kwa wiki. Karuga alikuwa na Makerere ya kurudia kwa sababu alikuwa amekwenda Makerere. Novak alikuwa na Chicago. Asiyepanda chochote pembeni ya kazi atapata shida kutafuta kivuli siku kazi inapokatwa.

Nchi zote za Afrika Mashariki zitakuwa na wazee wengi zaidi katika miaka ijayo, kwa kuwa watu wanaishi muda mrefu kuliko zamani. Hayo ni mafanikio ya chanjo, ya dawa, ya maji safi na ya wahudumu waliofanya kazi katika mazingira magumu. Lakini tiba iliyompa mzee miaka kumi zaidi haiwezi kujitoa katika swali la miaka hiyo itumike kwa nini. Shinikizo la damu litaendelea kupimwa, sukari itaendelea kupimwa, na dawa zitaendelea kugawiwa kama inavyopasa. Kinachodaiwa ni kwamba karibu na tarakimu hizo, kwenye kadi ileile, uwepo mstari mmoja unaosema mgonjwa huyu anapenda kufanya nini, na kama amekifanya tangu aonwe mara ya mwisho.